Kikohozi kisichosikia dawa za TB: namna ya kutumia picha za kifua kuyafikia magonjwa adimu ya mapafu

Mama mmoja muuza chapati aliletwa kwangu na kaka yake, mkononi bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Ndani mlikuwa na picha nne za kifua, zilizopigwa katika miaka mitatu. Alikuwa amemaliza dozi ya TB mara mbili, miezi sita kila mara, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea hata siku moja. Pumzi iliendelea kumkata. Wakati fulani pafu la kulia lilinywea ghafla akiwa jikoni, akawekewa mpira kifuani, likarudi, na hakuna aliyeuliza imekuwaje pafu la mwanamke wa miaka 31 asiyevuta sigara lipasuke lenyewe. CT, mashine inayopiga picha za mwili vipande vipande, ndiyo iliyojibu. Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa viputo vya duara vyenye kuta nyembamba, juu, katikati na chini. Ugonjwa huo unaitwa limfanjioleiomayomatosisi, kwa kifupi LAM, na huwapata karibu wanawake peke yao, wengi wakiwa bado katika umri wa kuzaa.

Mimi ni radiografa, mpiga picha za hospitali, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya kaskazini mwa Uganda. Nawaandikia wanaouguza mtu wa namna hii, wawe Kisenyi, Bombo, Arua, Busia au katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali na Nakivale, pamoja na maafisa tabibu wanaojaza fomu za kutuletea wagonjwa. Jambo ninalotaka mlishike tangu mwanzo ni kwamba picha peke yake haitaji jina la ugonjwa. Inaonyesha umbo la madhara na mahali yalipokaa. Jina hupatikana vitu vitatu vinapokutana: umbo, mahali, na maisha ya mgonjwa. Kimoja kikikosekana, picha nzuri kabisa itasomwa vibaya.

Hatua ya 1: Makohozi kwanza

Katika nchi yetu, anayekohoa zaidi ya wiki mbili hutafutiwa TB, na ndivyo inavyopasa. Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zinazolemewa zaidi na TB inayoambatana na VVU. Lakini TB huthibitishwa na makohozi. Mashine ya GeneXpert, ambayo shirika hilo liliidhinisha mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya kimelea chenyewe na kuonyesha pia kama kimeshakuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Eksirei haina uwezo huo. Doa la juu ya pafu linaweza kuwa TB mbichi, kovu la TB ya zamani, sakoidosisi (ugonjwa wa kinga unaoota vivimbe kwenye mapafu na tezi), vumbi la mgodini au saratani, na kwenye picha yote yakafanana.

Kwa hiyo uliza swali moja wazi: je, makohozi yalipimwa, na majibu yalikuwaje? Andika jibu na tarehe. Kipimo kikiwa hakikuonyesha kitu, TB bado haijafutwa. Watoto na wenye VVU mara nyingi wana vimelea vichache mno, na daktari anaweza kuwa na haki kabisa ya kuanzisha dawa. Usimwachishe mgonjwa dawa kwa sababu umesoma maandishi haya. Ila dozi ya kwanza ikiisha bila nafuu na bila ushahidi wa kimelea, dozi ya pili isianze kabla mtu hajauliza: kama si TB, ni nini?

Pima VVU pia kama hali haijulikani. Jibu lake hubadilisha usomaji wote wa picha.

Hatua ya 2: Andika maisha ya mgonjwa kwenye karatasi moja

Familia inaweza kuifanya nyumbani bila kulipa chochote, na kwangu karatasi hiyo ina thamani kuliko picha mbili zaidi. Andika umri, kikohozi kilianza lini, na kama mgonjwa hushindwa kupanda ngazi au kubeba jerikeni aliyokuwa akiibeba mwaka jana. Kisha haya.

Kazi zote alizowahi kufanya, hata za ujanani. Aliyechimba dhahabu Busia, Mubende au Karamoja, aliyeponda kokoto, aliyechonga mawe, amevuta vumbi la silika, na silikosisi inaweza kujitokeza miaka mingi baada ya kuacha. Anafuga kuku au njiwa? Analala karibu na ghala lenye nafaka iliyoota ukungu? Mapafu ya watu wengine hukasirikia vitu hivyo, na hali hiyo huitwa nimonitisi ya mzio. Anavuta sigara? Anatumia dawa gani za muda mrefu? Amiodaroni ya moyo, methotreksati ya viungo na nitrofurantoini ya mkojo zote zinaweza kuchoma mapafu.

Halafu mwili mzima. Viungo vinavimba asubuhi? Ngozi ya vidole inakaza, au vidole vinapauka kwenye baridi? Ana mabaka ya zambarau kwenye ngozi au kwenye kaakaa la mdomo? Amewahi kupatwa na degedege, au ana vipele vidogo puani na mashavuni tangu utoto? Pafu limewahi kunywea? Kwa mtoto: kamasi na kikohozi vimekuwapo tangu siku za kwanza za kuzaliwa? Kila swali hapo lina ugonjwa wake, na nitayarudia tukifika kwenye picha.

Hatua ya 3: Eksirei iliyopigwa vizuri

Eksirei ni ya bei nafuu, mionzi yake ni kidogo, na inapatikana katika hospitali nyingi za wilaya. Tatizo kubwa ninaloliona ni picha mbovu zinazosomwa kama nzuri.

Mgonjwa asimame, kifua kikigusa ubao, mionzi itoke mgongoni, mashine iwe mbali kama sentimita 180. Avute pumzi mpaka mwisho. Picha ikitoka, hesabu mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu: tisa au kumi zinatosha. Ukihesabu saba, mgonjwa hakuvuta pumzi, na ule weusi-weupe wa chini unaoitwa nimonia unaweza kuwa pafu lililokunjamana tu. Moyo nao utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Angalia ncha za ndani za mitulinga: zikiwa mbali sawa na uti wa mgongo, mgonjwa hakupinda.

Dada zangu, fungeni misuko juu kabla ya picha. Nywele ndefu zilizosukwa zikiangukia mabegani hutoa mistari kwenye ncha za mapafu, mahali hasa TB inapopenda kukaa, na nimeona mistari hiyo ikitafsiriwa kuwa ugonjwa. Sidiria, mkufu na vifungo vya chuma vitolewe. Hirizi ya shingoni apewe ndugu aliyesimama mlangoni amshikie kwa dakika hizo.

Hakikisheni alama ya kulia au kushoto imewekwa wakati wa kupiga, si kuandikwa kwa kalamu baadaye. Kuna watoto wanaozaliwa moyo ukiwa kulia, na baadhi yao vinyweleo vya kusafisha mirija ya hewa havipigi kasia ipasavyo. Wana kamasi zisizoisha, sainasi mbovu, na mirija iliyopanuka na kujaa usaha. Hali hiyo ni ya Kartagener. Nimewahi kushuhudia picha ya mtoto kama huyo ikigeuzwa ubaoni kwa sababu aliyeisoma alidhani imewekwa kinyume, na jibu likageuzwa pamoja nayo.

Eksirei safi haimaanishi mapafu mazima. Katika magonjwa yanayoshambulia nyama ya pafu, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana eksirei inayoonekana ya kawaida. Mtu anayepoteza pumzi na oksijeni yake inashuka akitembea, hata kama picha ni safi, aendelee na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kuomba CT inayofaa

CT ni wazo la Godfrey Hounsfield wa Uingereza, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mgonjwa wa kwanza alipigwa mwaka 1971. Mashine humzunguka mtu na kumkata kwa picha vipande vipande kama mkate. Kwa magonjwa adimu ya mapafu, unene wa kipande ndio kila kitu. Kipande cha milimita tano huficha kiputo cha milimita tatu. Tunataka kipande kisichozidi milimita moja na nusu.

Kampala mashine hizi zimekuwapo kwa miaka mingi, Mulago na katika hospitali nyingine, na miaka ya karibuni serikali imezipeleka katika hospitali kadhaa za rufaa za mikoa. Kabla ya kulipa nauli, piga simu uulize mashine inafanya kazi wiki hiyo, bei ni ngapi, na kama watakupa picha zenyewe kwenye CD au flashi.

Afisa tabibu, fomu iliyoandikwa "CT kifua, kikohozi" inatufunga mikono. Andika hivi: "Mwanamke wa miaka 31, havuti sigara, anakosa pumzi kwa miaka mitatu, pafu la kulia liliwahi kunywea, dozi mbili za TB bila vimelea, VVU hana. Naomba CT ya vipande vyembamba, pumzi ikiwa ndani na ikiwa nje, bila dawa ya mshipani. Je, kuna viputo?" Mistari mitatu hiyo hubadilisha namna tunavyopiga na namna daktari wa radiolojia anavyosoma.

Dawa ya rangi ya mshipani haihitajiki kutazama nyama ya pafu. Inahitajika tukitafuta damu iliyoganda kwenye mishipa ya mapafu au kuchunguza tezi na uvimbe. Ikiombwa, figo zipimwe kwanza.

Kuhusu mionzi: eksirei moja ya kifua ni chini ya milisivati 0.1. CT ya kawaida ya kifua ni kama milisivati tano hadi saba, ilhali dunia yenyewe humpa kila mtu wastani wa 2.4 kwa mwaka. CT moja yenye swali wazi ni halali. Tatu zisizo na swali ni hasara. Mwanamke aseme mapema kama huenda ana mimba.

Hatua ya 5: Siku ya CT, pumzi ndiyo kipimo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, maana picha nyingi huharibikia hapa.

Mashine zetu nyingi zina sauti iliyorekodiwa inayotoa amri kwa Kiingereza. Mzee anayejua Kikakwa na Kiswahili analala pale ndani peke yake, anasikia sauti, haelewi, anaendelea kupumua. Picha inatoka imetikisika, mishipa ina kivuli pacha, na ukungu umetanda kila mahali. Msomaji anaandika "huenda ni fibrosisi", yaani makovu ya mapafu, na mgonjwa anaanza safari asiyostahili.

Omba ufafanuliwe kwa lugha yako kabla ya kulala. Fanya mazoezi nyumbani siku mbili kabla: "Vuta pumzi ndani kabisa, shika," hesabu mpaka kumi, "achia." Kisha: "Toa pumzi yote nje, shika," hesabu mpaka kumi. Akishindwa kufika kumi, tuambieni ni sekunde ngapi anaweza, tupange mashine kwa uwezo wake. Mimi huwa nafanya zoezi hilo mara tatu na mgonjwa akiwa amekaa, nikivuta pumzi pamoja naye.

Kwa nini pumzi ya nje? Mirija midogo ikiwa imeziba, hewa hunaswa. Mgonjwa akitoa pumzi, sehemu za pafu zisizo na ugonjwa huwa za kijivu lakini zilizonasa hewa hubaki nyeusi, na pafu hutokea na viraka. Viraka hivyo ni dalili nzito ya nimonitisi ya mzio na ya kuharibika kwa mirija midogo. Wasipopiga pumzi ya nje, huwezi kuviona vizuri.

Kuna pia kulala kifudifudi. Mtu akilala chali, uzito wa pafu hukandamiza sehemu ya nyuma na kuleta ukungu unaofanana na mwanzo wa makovu. Mgeuze: ukungu ukitoweka, ulikuwa uzito tu, na ukibaki ni ugonjwa. Dakika mbili za kumgeuza zimewaokoa wagonjwa wangu kadhaa na jina ambalo halikuwa lao.

Hatua ya 6: Kusoma umbo na mahali

Usomaji rasmi ni kazi ya daktari wa radiolojia. Lakini ukielewa maneno ya ripoti utauliza maswali bora.

*Viputo.* Vikiwa vya duara, kuta nyembamba, vimesambaa sawasawa kwa mwanamke, fikiria LAM. Vikiwa na maumbo ya ajabu, vimejazana juu na kuacha pembe za chini, kwa mvutaji sigara, fikiria histiositosisi ya Langerhans. Vikiwa vichache karibu na mishipa, kwa mwenye VVU au mwenye macho na mdomo mkavu, fikiria nimonia ya limfu, ambapo chembe za kinga hujazana kwenye pafu. Kwa watoto wenye VVU, nimonia hiyo huonekana kwenye eksirei kama vidoto vingi na kudhaniwa TB iliyosambaa.

*Vidoto.* TB iliyosambaa huitwa miliari, jina lililotokana na punje ya nafaka ndogo, na kweli vidoto vyake ni kama ulezi uliomwagwa bila mpango. Sakoidosisi huvipanga: vinafuata mistari ya limfu, vinabana kwenye mipaka ya sehemu za pafu na kando ya mirija, huku tezi za katikati ya kifua zikivimba pande zote mbili kwa usawa. TB kwa kawaida huvimbisha tezi za upande mmoja zaidi. Silikosisi nayo hukaa juu na nyuma, vidoto huungana kuwa mabonge, na wakati mwingine tezi hujizungushia chokaa kama ganda la yai. Ukiona ganda hilo kwa mchimbaji, pima TB tena pia, kwa kuwa silika huifungulia TB mlango.

*Sega la nyuki.* Vishimo vyenye kuta nene vilivyopangana safu juu ya safu, chini na pembeni mwa pafu, pamoja na mirija iliyovutwa na makovu ikapanuka, ni sura ya fibrosisi. Ikiwa haina chanzo kinachojulikana kwa mtu mzima wa makamo au mzee, huitwa fibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo. Viungo vinavyovimba au ngozi inayokaza huelekeza kwenye magonjwa ya kinga badala yake. Kutofautisha ni suala la uhai. Mwaka 2012 majaribio yalionyesha kuwa prednisoni ikichanganywa na azathioprini, zote dawa za kutuliza kinga, pamoja na N-asetilisisteini iliongeza vifo kwa wagonjwa wa fibrosisi hiyo, ilhali sakoidosisi mara nyingi hutulizwa na prednisoni hiyohiyo. Sura ikiwa wazi kwenye CT, na historia ikikubaliana, mgonjwa anaweza kuepuka kukatwa kipande cha pafu.

*Ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi.* Ukiwa na mistari ndani yake, sura ya sakafu ya mawe yaliyopangwa ovyo, mojawapo ya majina ni protinosisi, ambapo vifuko vya hewa hujaa mafuta na protini, na tiba yake ni kuosha pafu. Lakini nimonia ya pneumosisti ya wenye VVU na COVID-19 hutoa sakafu ileile, na kwetu hizo huja kwanza.

*Bonge ndani ya shimo.* Shimo la TB iliyopona, ndani yake mpira, na juu ya mpira hilali ya hewa: hiyo ni kuvu ya aspajilasi. Utafiti uliofanywa Gulu kwa watu waliomaliza matibabu ya TB uliwakuta baadhi yao na ugonjwa huu. Hukohoa damu, hurudishwa kwenye dawa za TB, na hawaponi kwa sababu TB haipo.

*Miale ya moto.* Vivimbe vyenye kingo kama ndimi za moto, vinavyofuata mirija kutoka katikati, kwa mwenye VVU, ni sarkoma ya Kaposi mpaka ithibitishwe vingine. Fungua mdomo wa mgonjwa utazame kaakaa.

Hatua ya 7: Picha ndogo zinazokamilisha

Ultrasaundi ya tumbo ni rahisi na haina mionzi. Mwenye viputo vya LAM akikutwa na uvimbe wa mafuta na mishipa kwenye figo, utambuzi umekamilika bila upasuaji. Vilevile kama ana tuberasi sklerosisi, ule ugonjwa wa degedege na vipele vya uso niliokuuliza kwenye Hatua ya 2. Mama wa chapati alikutwa na uvimbe huo kwenye figo ya kushoto. Eko, yaani ultrasaundi ya moyo, nayo ifanyike kwa kila anayekosa pumzi, maana kuna shinikizo la damu la mapafu na kuna vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, na vyote hujifanya ugonjwa wa mapafu.

Hatua ya 8: Peleka picha mbele ya watu kadhaa

Magonjwa haya huamuliwa na daktari wa mapafu, wa radiolojia na, ikibidi, wa patholojia wakikaa pamoja. Taasisi ya Mapafu ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyopo Mulago, ndipo pa kuomba rufaa. Hapo mgonjwa anaweza pia kupimwa nguvu ya pumzi.

Peleka faili kamili za DICOM, yaani picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye mashine, kwenye CD au flashi. Picha ya simu iliyopigwa kwenye filamu iliyoning'inizwa dirishani haitoshi: daktari hawezi kubadilisha mwangaza, wala kupitia vipande mia tatu, wala kupima. Peleka na picha za zamani zote, hata zile mbovu. Kivuli kilichobaki vilevile kwa miaka miwili ni habari tofauti kabisa na kivuli kilichokua kwa miezi miwili.

Jina likipatikana, CT ya kufuatilia ipigwe kwa vipande vilevile na pumzi ileile, ikiwezekana kwenye mashine ileile, na isiombwe kabla daktari hajasema anatafuta badiliko gani. Mama wa chapati alianzishiwa sirolimasi, dawa ambayo majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa hutuliza kupungua kwa pumzi katika LAM. Akashauriwa kuacha vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, na akaambiwa kwamba maumivu ya ghafla ya kifua upande mmoja ni safari ya hospitali usiku huohuo. Kaka yake alinunua bahasha mpya. Juu yake tuliandika kwa kalamu nzito: jina la ugonjwa, tarehe ya kila picha, unene wa vipande, na neno moja kwa zahanati yoyote atakayofikia: "Si TB. Soma kilichomo kabla ya kuanza dawa."